Duka la vitabu vikuukuu Moshi mjini: fuata vijitabu, achana na ngozi

Duka lenyewe liko upande wa soko kuu, ni dogo, halina bango la maana, na anayekusanya vitabu vya uchumi na historia ya fedha anapaswa kulijua. Ila aingie akijua anachotafuta. Mali iko rafu ya nyuma, chini kabisa, kwenye maboksi ya vijitabu na ripoti ambazo muuzaji mwenyewe anaziita "makaratasi". Rafu ya mbele, ile ya majalada ya ngozi na maandishi ya dhahabu, ndiyo inayomaliza pesa za watu.

Tuanze na hiyo ngozi ili tuiache. "Adam Smith wa zamani" anayeuzwa pale kwa 120,000 ni kitabu kimoja cha kushikika mkono mmoja. Toleo la kwanza la kitabu chake maarufu, *Wealth of Nations*, la 1776, ni juzuu mbili kubwa zilizotolewa London na Strahan na Cadell, kwa hiyo hicho kimoja ni chapa ya baadaye sana, haijalishi jalada limezeeka kiasi gani. Isitoshe, pitisha kidole kwenye mgongo wake: kikitoka na unga mwekundu, ngozi imeoza kutoka ndani na hakuna mafuta ya kuirudisha. Kuipaka mafuta ya viatu, kama wanavyofanya pale, kunaifanya inate na kudaka vumbi.

Sasa maboksi. Humo hutokea ripoti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919 na kukaa London hadi 1960 ilipohamia Nairobi. Hutokea ripoti ya Tume ya Kifalme ya Uingereza kuhusu Afrika Mashariki ya 1953–1955 (namba yake Cmd. 9475), ripoti ya Benki ya Dunia kuhusu uchumi wa Tanganyika iliyochapwa Baltimore 1961, vijitabu vya Azimio la Arusha vya 1967, na karatasi za ushirika wa kahawa. Hizi za ushirika ndizo za kuwahi. Chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNPA, ni cha 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika wao, ilifuata 1933. Taarifa za mwaka zilizochapwa nakala chache na kusomwa mikutanoni huishia kufungia karanga. Bei ni kati ya 10,000 na 40,000, na muuzaji hapandishi kwa sababu ya mwaka, anapandisha kwa unene. Kijitabu chembamba kina nafuu kuliko kinavyostahili.

Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu. Namba ya ISBN, ile ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, ikiwepo na unaambiwa ni chapa ya 1967, si kweli: mfumo huo uliidhinishwa kimataifa 1970. Jina la Frank Cass, mchapishaji wa London, kwenye kitabu cha enzi za ukoloni maana yake ni chapa ya marudio. Kile cha Charles Dundas kuhusu Kilimanjaro, cha 1924, kinapatikana hivyo, na bado huuzwa kama cha asili. *How Europe Underdeveloped Africa* cha Walter Rodney kilitoka 1972 kwa Bogle-L'Ouverture ya London pamoja na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam. Chenye jina la Howard University Press ni cha Marekani, 1974 au baada ya hapo.

Kisha hesabu ramani na majedwali ya kukunjwa. Orodha yake iko mwanzoni mwa ripoti. Ilinganishe na kilichomo, halafu chungulia kwenye mshono. Ukiona kipande cha karatasi kilichobaki kama ndevu, ramani imekatwa, pengine iko ukutani kwa mtu. Ripoti isiyo na ramani haifiki nusu ya thamani. Muhuri wa maktaba usio na alama ya kuondolewa kwenye orodha, ulizia. Na mafaili ya ofisi za serikali yenye kurasa zilizopigwa namba kwa mkono usiguse kabisa, maana kumbukumbu za umma zinalindwa na Sheria Na. 3 ya 2002 na pa kuzipeleka ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Huduma ya ukarabati ya duka hili ni mbaya, tuseme wazi. Fundi anapaka gundi ya mbao mgongoni, anabandika selotepu kwenye mipasuko, kisha anapitisha kitabu kwenye mashine ya kukatia hadi kingo zinyooke. Gundi ile ikikauka haikunjiki, kwa hiyo kurasa zinavunjika badala ya kufunguka. Selotepu inageuka kahawia na kuacha doa. Kingo zilizokatwa hazirudi, na ndiko msomaji wa kwanza alikoandika maoni yake kwa penseli. Mwambie asiguse kitu.

Pini za stepla zenye kutu ndizo adui wa vijitabu hivi, hasa baada ya masika. Usizing'oe kwa nguvu. Nyanyua miguu ya pini kwa kisu butu upande wa katikati ya kijitabu, isukume itokee nje, kisha shona kwa uzi wa pamba kupitia matundu yaleyale. Mpasuko mdogo unazibwa kwa karatasi ya Kijapani, ile nyembamba yenye nyuzi ngumu, na uji mzito wa wanga wa ngano, basi.

Maboksi yale yana mende na vidudu vyembamba vya rangi ya fedha, kwa hiyo usipeleke kitu moja kwa moja kwenye rafu yako. Tia kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga vizuri, weka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukitoa, subiri saa 24 bila kufungua ili majimaji yashike plastiki, yasishike karatasi. Umeme ukikatika siku nzima katikati ya hizo wiki, anza kuhesabu upya.