Mshokishoki dume, na yule kijana wa kitalu

"Kivuli chake si ushakikalia, mama?"

Hilo ndilo jawabu nililopewa, mtu mzima, nimesimama juani mbele ya kitalu cha miche, mkononi nimeshika tawi la mshokishoki nililolikata mwenyewe liwe ushahidi kwamba mche walioniuzia ni dume, hauzai. Kijana hakuinua hata uso kwenye simu yake. Wawili waliokaa juu ya magunia ya samadi wakacheka. Nimeandika haya na kuyafuta mara tatu. Kila nikifika hapo kwenye kivuli, mkono unanitetemeka.

Kitalu chenyewe sikitaji. Kiko kando ya barabara ya kwendea shamba, kimefunikwa wavu mweusi, viriba vimepangwa mpaka ukingoni mwa lami, ukipita na daladala huwezi kutokiona. Miche yao inapendeza, sisemi uongo. Ndiyo iliyoniponza.

Tulipohamia Fuoni, hapa Unguja, uwani hakukuwa na kitu ila mnazi mmoja mzee. Mume wangu akataka mkrismasi mbele ya nyumba kwa ajili ya maua yake mekundu. Nikamwambia mizizi ya mkrismasi itatuvunjia karo, tukabishana wiki nzima, mwisho tukaafikiana: mbele mlangilangi, nyuma mti wa matunda. Na mimi tunda nililolitaka ni shokishoki. Embe boribo tunaletewa na jamaa kutoka Muyuni, mafenesi kila jirani anayo mpaka anayatupa, lakini shokishoki msimu ukifika unasimama pale sokoni Darajani unahesabu pesa mara mbili. Tena wifi yangu, ng'ambo ya ukuta, alikuwa na mti wake unaozaa. Nisifiche: hilo nalo lilikuwamo.

Nilitaka wa kuunga na nilijua kwa nini. Mshokishoki wa mbegu ni kama mpapai, ni kama mkungumanga: unaweza kukutokea dume, na hutojua mpaka utoe maua, miaka mitano au sita umeshautilia maji. Wa kuunga jicho lake, yaani kile kichipukizi kinachobandikwa juu ya mche wa mbegu, limetolewa kwenye mti unaozaa, kwa hiyo unajua unachokipanda, na hauchelewi. Ndiyo maana nilitoa shilingi 15,000 bila kuomba kupunguziwa, na wa mbegu ulikuwa pembeni yake kwa 3,000. Kijana akanionyesha utepe wa nailoni uliofungwa karibu na shina. "Huu hapa, mama, umeungwa. Mwaka wa tatu unakula." Akaupandisha kwenye Vespa ya mume wangu, akapokea pesa, basi.

Nikaupanda masika, samadi ya ng'ombe nusu gari, na udongo wetu kinongo, unakubali. (Nyinyi ndugu zangu wa Paje na Jambiani, huko kwenye maweni msijisumbue. Mshokishoki na chokaa ya jiwe havipatani, majani yatageuka manjano huku mnayatazama. Pandeni mkomamanga.)

Kaskazi ya kwanza ikaupiga. Kichwa cha juu kikakauka, kikawa kama kijiti cha kiberiti. Nikawa naumwagilia kila magharibi dumu zima, na maji yenyewe wakati ule tulikuwa tunanunua. Mvua zilipoingia, asubuhi moja nakuta machipukizi matatu yametoka chini, manene, yana nguvu. Nikasema alhamdulillahi, umefufuka. Nikamwita mume wangu aje aone. Hayo machipukizi yawekeni akilini.

Mwaka wa tatu ukapita kimya. Wa nne vilevile. Baadaye, sikumbuki vizuri ni mwaka gani, ukatoa maua. Jamani! Vishada mti mzima, nyuki wanavuma tangu alfajiri. Nikapanda juu ya tofali nikamwambia wifi, mwaka huu usiniletee bakuli, na mimi nna wangu. Hazikupita siku nyingi maua yote yakapukutika, yamelala chini kama chenga za mchele, na juu hakukubaki hata punje. Msimu uliofuata, hadithi ile ile. Wifi akaleta bakuli. Hakusema neno. Angelisema ingelikuwa nafuu.

Ndipo nikakata tawi, nikapanda daladala, nikaenda kitaluni.

Sikwenda kugombana. Nilisema, "Mwanangu, mche huu niliununua hapa, mkaniambia wa kuunga, mbona dume?" Akaniuliza risiti. Risiti ya mche wa miaka yote hiyo! Nikamwambia nani anaweka karatasi ya mti? Akasema, "Mti kama mtoto, mama, tumboni hujui." Nikamwambia ndiyo maana nikalipia wa kuunga ili nijue. Hapo ndipo akatoa lile la kivuli, na wale wawili wakacheka.

Nilirudi nyumbani na neno moja mdomoni: wezi. Wamechukua mche wa mbegu, wamefunga utepe, wameniuzia mara tano ya bei yake. Nililisema msibani, nikalisema harusini, nikamsimulia hata konda. Na haya maandishi nilianza kuyaandika kwa nia hiyo hiyo, kuwaambieni msikanyage pale.

Sasa mpwa wangu, aliyesoma kilimo Kizimbani, akaja kutusalimia. Nikampeleka uwani ili na yeye awatukane pamoja nami. Kwanza alichuma ua moja la mti wangu na moja la tawi la wifi lililovuka ukuta, akayaweka kiganjani. La wifi katikati lina kama vishanga viwili vimeshikana, na juu yake vipembe viwili vidogo. Langu lina nyuzi tupu. Dume, hakuna ubishi. Halafu akachuchumaa, akaanza kupapasa shina kwa kidole, akafukua udongo kidogo, akaniita niiname. Pale chini palikuwa na kovu. Juu ya kovu kijiti kikavu, hakizidi kidole cha mwisho. Na chini ya kovu ndipo linapotoka shina lote hili nililolilea.

"Uliungwa, khaloo," akaniambia taratibu, kama anayeleta habari ya msiba. "Sehemu ya juu ndiyo iliyokuwa jike, ikafa. Hili limechipua kutoka kwenye mti wa chini, na ule ulikuwa wa mbegu."

Yale machipukizi matatu. Niliyoyapokea kwa alhamdulillahi.

Kwa hiyo si wezi. Naandika hivyo kwa shida, lakini nimeandika. Mche waliniuzia wa kweli, na jua la kaskazi hawakuliwasha wao. Na mimi maji niliyokuwa nikiyamwaga nilikuwa namnywesha mwengine. Siku mbili sikuwa na la kusema.

Siku ya tatu hasira zikarudi, tena zimeongezeka. Kwani ingelimgharimu nini kuniambia, "Mama, chochote kitakachochipua chini ya utepe, kikate"? Maneno saba! Hata kutia kiriba kwenye Vespa kulichukua muda mrefu zaidi. Yeye anajua, mimi sijui, na pesa nimetoa mimi. Na niliporudi na tawi, angelitizama mara moja tu angelijua kilichotokea. Hakutizama. Kavuta la kivuli.

Haki lakini niitimize, kwa sababu kitalu kile kina na mzee mmoja, sijui ndiye mwenye mali au ni baba yao. Mlangilangi niliununua kwake yeye, siku nyengine. Bei ndogo, na mawaidha robo saa. Aliniambia usiuwache uende juu, ukishanipita kimo nikate kichwa, maana ukiachiwa utapanda hata mnazi utauona mfupi, na maua utayanusa tu huyachumi. Ngazija, akasema, wanaoulima kwa ajili ya mafuta ya manukato, wanaukata hivyo hivyo ili wachume wamesimama chini. Nilimsikiliza. Leo mlangilangi wangu ukitulia upepo baada ya Isha, anayepita njiani anasimama. Mwanangu alipoolewa, maua ya kwake na ya vikuba vya mashoga zake yote yalitoka mbele ya nyumba yangu. Mti ule ukiniuliza mimi, natoa nyota zote na za jirani naazima.

Basi niseme nini, nendeni au msiende? Nendeni akiwapo mzee. Mkimkuta kijana peke yake, semeni mmepita kutazama. Mimi mwenyewe nitakwenda, nataka mkilua, ila nitachungulia kwanza kutoka ng'ambo ya barabara. Na mkinunua wa kuunga, piganieni kovu: lijueni lilipo, msilizike na udongo, na kichipukizi cha chini yake msikionee huruma hata kama cha juu kinakufa.

Mpwa wangu anasema tusiung'oe. Vuli ikianza atakata matawi, abandike macho kutoka mti wa wifi, na tawi moja tuliwache dume. Nilimuuliza la nini tena hilo dume. Akacheka, akasema mishokishoki mingi ya kike chavua yake haba, dume likiwa karibu inashika vizuri zaidi. Nikakaa nikafikiri. Wifi amekuwa akijisifu kwamba zamani mti wake ulikuwa ukipukutisha, ila misimu hii miwili matawi yanainama mpaka anayawekea miti. Misimu hii miwili!

Sasa inabidi nimwombe jicho, na nikimwomba itabidi nimweleze yote tangu mwanzo, na la nyuki wangu pia. Jana kaniletea bakuli. Nimelipokea kwa mikono miwili, nimelirudisha limejaa langilangi. La jicho bado sijamwambia.