Sabuni na mafuta yasiyonukia: nini kinunuliwe, nini kiachwe rafuni

Mtu mwenye pumu, mwenye ukurutu au mwenye mtoto mchanga akiingia dukani kuulizia sabuni isiyo na manukato, mara nyingi huelekezwa kwenye rafu ya watoto. Hapo ndipo pa kuwa macho zaidi. Losheni, poda na mafuta mengi ya watoto yana manukato, na ile harufu tamu tuliyozoea kuiita harufu ya mtoto hutoka kwenye chupa ya pafyumu kiwandani. Nembo ya TBS au KEBS ni muhimu, nayo huonyesha kuwa bidhaa imekidhi kiwango kilichowekwa, lakini haimaanishi kuwa haina manukato. Geuza kopo usome viungo.

Kwenye viungo, "parfum" au "fragrance" ni jina la mchanganyiko. Ndani yake zinaweza kuwemo kemikali makumi bila hata moja kutajwa. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya uliagiza manukato 26 yanayojulikana kuleta mzio yaandikwe kwa majina yake pale yanapozidi asilimia 0.001 katika kitu cha kupaka na kuacha mwilini, au asilimia 0.01 katika kitu cha kusuuza. Mwaka 2023 orodha hiyo ilipanuliwa ikapita 80. Ndiyo sababu makopo yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya huishia na majina kama limonene, linalool, geraniol, citronellol na eugenol. Ukiyaona hayo, kwa mwenye mzio ni sawa na kuona "parfum". Na kopo lililoandikwa "unscented" (lisilo na harufu) linaweza kuwa limetiwa manukato kidogo ili kufunika harufu ya malighafi. Afadhali lililoandikwa "fragrance-free" (lisilotiwa manukato), nalo pia lisomwe nyuma.

Sabuni za viungo za Zanzibar, za karafuu, mchaichai na langilangi, ni kazi nzuri ya mikono, na anayezipenda na ngozi yake haimsumbui azitumie kwa raha. Ila zisiuzwe kwa mwenye ukurutu eti kwa kuwa ni za asili. Mafuta ya karafuu sehemu yake kubwa ni eugenol, mchaichai umejaa citral, na langilangi ni kati ya mafuta yanayofahamika kwa kusababisha mzio wa ngozi. Ngozi haiulizi kemikali imetoka shambani au maabara. Wanaotengeneza sabuni ya mwani wakitoa kipande kisichotiwa mafuta ya kunukia, hicho ndicho cha kununua.

Kuna kingine cha kuchunguza ambacho pua haikioni kabisa: kihifadhi kiitwacho methylisothiazolinone. Hukaa kwenye shampuu, vitambaa vyenye maji vya kufutia watoto na sabuni za vyombo. Kilileta mzio kwa watu wengi kiasi kwamba Ulaya ilikipiga marufuku mwaka 2017 katika vitu vya kupaka na kuacha, na tangu 2018 katika vya kusuuza hakiruhusiwi kuzidi asilimia 0.0015. Bidhaa inaweza kuwa haina manukato hata kidogo na bado ikawa nacho.

Sasa vitu vyenyewe. Cha kwanza kwa ubora, kwa maoni yetu, hakipo supamaketi bali duka la dawa: emulsifying ointment. Ni marhamu meupe, mazito, ya bei nafuu, na fomula yake ya Uingereza ni fupi: asilimia 50 petroli jeli nyeupe, asilimia 30 nta ya kuchanganyishia maji na mafuta, na asilimia 20 parafini ya maji (mafuta safi ya dawa, si mafuta ya taa). Huogewa badala ya sabuni. Chukua kijiko kimoja cha mezani kwa kijiko kikavu na safi (vidole huingiza vijidudu koponi), weka kwenye jagi, mimina maji ya moto kidogo na ukoroge kwa uma mpaka yawe kama maziwa, kisha ongeza maji ya baridi hadi yawe vuguvugu. Jipake mwili mzima, usuuze. Halina povu, na wengi huliacha wakidhani halisafishi. Jasho na vumbi vinatoka vizuri, ila mafuta ya gereji hayatoki. Lisiachwe mwilini kama losheni, kwa sababu ile nta ina sodium lauryl sulfate, kemikali ya kusafishia, nayo ikikaa kwenye ngozi yenye ukurutu huikera. Sakafu ya bafu itateleza, kwa hiyo mwaga maji ya moto ukimaliza, na bomba la maji machafu nalo litashukuru.

Kwa kujipaka baada ya kuoga, petroli jeli tupu inatosha. Sharti ni kwamba kwenye viungo kuwe na petrolatum peke yake. Chapa moja inaweza kuwa na kopo la jeli tupu na kopo la jeli yenye manukato, yote mawili yakifanana kwa rangi, na muuzaji hukupa lolote lililo karibu. Paka ngozi ingali na unyevu, ndani ya dakika tatu hivi baada ya kutoka bafuni. Ikipakwa juu ya ngozi kavu, hakuna maji ya kuyazuia yasitoke. Anayeona jeli nzito mno mchana wa joto, krimu za CeraVe na Cetaphil zipo zisizo na manukato, ila bei yake si ya kila mfuko. Tahadhari moja kwa zote zenye parafini au petroli jeli: mashuka na nguo zikishanyonya mafuta haya hushika moto haraka, na kufua hakuyaondoi yote. Kaa mbali na mshumaa, kibatari na jiko la mkaa.

Kabla ya kujipaka kitu chochote kipya mwili mzima, kijaribu kwenye kunjo la kiwiko mara mbili kwa siku kwa siku saba. Mzio wa kugusa hauji papo hapo, mara nyingi hujitokeza siku ya pili au ya tatu.

Tuje kwenye sabuni ya maji ya vyombo, ile inayouzwa mtaani kwa kupimiwa kwenye chupa. Wengi huiogopa, lakini ina faida ambayo kiwanda hakikupi: unaweza kuongea na anayeitengeneza. Malighafi zake zinajulikana: asidi ya salfoniki (kisafishaji chenyewe), slesi au ungaroli (ya povu), soda ash (ya kupooza asidi), CDE (ya kuongeza povu na uzito), chumvi, kisha rangi, pafyumu, na kwa baadhi ya watengenezaji formalini ili isiharibike. Hivyo vitatu vya mwisho havisafishi chochote. Formalini ni formaldehidi, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, mbali na kuwa chanzo kikubwa cha mzio wa mikono. Agiza lita tano zisizo na rangi, pafyumu wala formalini, na uzimalize ndani ya wiki chache. Ikianza kutoa harufu ya uvundo au kuwa na utando juu, mwaga.

Kasoro kubwa ya sabuni hii ni asidi iliyobaki bila kuuawa, yaani bila kupoozwa na soda ash. Lita moja ya asidi ya salfoniki ya asilimia 96 inahitaji soda ash gramu 170 hadi 180, iliyoyeyushwa kwanza kwenye maji na kuongezwa kidogo kidogo kwa sababu gesi hupandisha povu. Wanaokisia kwa mkono huishia na sabuni inayochoma ngozi kati ya vidole. Karatasi ya kupimia pH, yaani ukali wa asidi, ni rahisi kupata. Ioneshe 7 hadi 8. Mtengenezaji anayekataa kupima mbele yako, mwache. Sabuni kuwa nyepesi kama maji si lazima iwe imechakachuliwa: chumvi ikizidi, uzito huvunjika.

Kwa kufua, sabuni za unga karibu zote madukani zinanukia, na harufu hubaki kwenye nguo baada ya kukauka, kwa kuwa imetiwa ili ibaki. Sabuni ya mche isiyonukia inafua vizuri, ila maji ya visima vya pwani yenye chumvichumvi huifanya iache utando wa kijivu. Weka kijiko kimoja cha mezani cha soda ash kwenye ndoo ya lita 20 kabla ya sabuni, na uvae glavu kwa sababu ni kali. Suuza mara mbili, na kwenye maji ya mwisho tia nusu kikombe cha siki nyeupe. Harufu ya siki huisha nguo zikikauka. Hii inafanya kazi ya kilainishi cha nguo, bidhaa ambayo hatuoni sababu yoyote ya kuiingiza kwenye nyumba ya mwenye pumu.

Siki hiyo isikutane na jiki kamwe, hutoka gesi ya klorini. Jiki yenyewe chukua ya kawaida, si ya limau wala maua. Kama ni ya asilimia 3.5, mililita 30 kwa lita moja ya maji zinatosha kwa sakafu na choo, baada ya kuosha uchafu kwa sabuni. Uchafu ukiwepo hula nguvu yote ya dawa. Changanya ya siku hiyo tu na ufungue madirisha.

Nafthalini, zile tembe nyeupe za kabatini, hatuipendekezi kwa nyumba yoyote yenye mtoto mchanga. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu, ni wa kawaida katika maeneo ya malaria kama yetu, na mtoto mwenye hali hiyo akivishwa nguo au kufunikwa blanketi lililokaa na tembe hizo, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka akapata manjano ya hatari. Nguo za mtoto zilizotunzwa hivyo zifuliwe na kuanikwa juani kabla ya kuvishwa, na tembe zilizobaki zitolewe ndani. Nondo huzuiwa na nguo safi zilizokauka kabisa, zikafungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa.