Picha za marehemu baba: kazi safi, lakini sirudi

Kama unaona, pengine duka hili litakufaa. Mimi sioni, na wameniudhi mpaka sasa roho haijatulia.

Nilipeleka albamu ya marehemu baba, picha za tangu alipokuwa askari kule Jinja, waziskani na kuniwekea kwenye flashi. Niliomba kila picha iandikiwe maelezo ili TalkBack, programu ya simu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, inisomee. Hawakuhitaji kutunga kitu. Baba aliandika nyuma ya kila picha kwa wino: nani yuko wapi, siku gani. Ilikuwa ni kunakili tu. Walikubali, wakataja bei, nikalipa.

Juzi nimekwenda kuchukua, mpwa wangu akinisindikiza. Nachomeka flashi kwenye simu palepale kaunta, TalkBack inaanza: "IMG, sifuri, sifuri, moja." Ya pili: "IMG, sifuri, sifuri, mbili." Nikauliza maelezo yako wapi. Kijana hakunijibu mimi, alimgeukia mpwa wangu: "Mwambie mama picha zimetoka safi. Maelezo ya nini, na yeye haoni?"

Nimesimama mbele yake, risiti mkononi! Na maelezo ni ya nani kama si ya asiyeona? Uganda hii ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020, inayokataza kutubagua kwenye huduma tunazolipia.

Haki yao nitawapa: picha kweli ni safi. Mpwa wangu anasema hata ile iliyolowa mvua imerudi, chale za bibi zinaonekana shavuni. Tena wamenipa albamu mpya bure. Nikataka kuwapa nyota tatu, yaishe.

Nyumbani nikaziingiza kwenye Google Photos. Simu ikatangaza kwamba picha ya baba imepigwa mwaka huu. Baba tuliyemzika zamani! Ilichukua tarehe ya kuskani, jambo ambalo mtu hulirekebisha mara moja, na nafasi ya kuandika maelezo iko hapohapo. Nikajaribu Seeing AI ya Microsoft, programu ninayoitegemea kusoma barua, ikaona mwanamume mwenye sare karibu na maji. Haikukosea. Lakini baba aliandika: "Bwawa la Owen Falls, na Nafula. Amekataa kucheka." Nafula ni mama yangu. Hilo programu italijuaje? Mimi nalijua kwa sababu mama alinisomea nikiwa mtoto.

Nikamwambia mpwa anisomee mengine. Kimya. Kumbe kwenye ile albamu ya bure wamezibandika picha zote kwa gundi, maandishi chini. Tumebandua moja taratibu, karatasi ikachanika na wino wa baba ukabaki kwenye gundi.

Basi hizo nyota tatu nimezifuta. Usafi wa picha sitaki hata kuusikia. Hao watu wamefuta maneno ya baba yangu wakidhani wananipa zawadi.

Pesa sidai. Kama kuna anayejua namna ya kubandua picha za zamani bila kuharibu nyuma, aniambie. Na wewe unayepeleka za kwako, wambie waskani pande zote mbili, nyuma kwanza, na albamu ya bure uikatae. Mama bado anakumbuka mengi. Anasimulia, mpwa anaandika chini ya kila picha, na jana wamefika za harusi.