Breki za Gari la Kale: Ununue Nini Kwanza, Nini Kisubiri

Mwenye gari la kale akiamua kuboresha breki, jicho lake huenda moja kwa moja kwenye diski za mbele. Zinang'aa, zinaonekana kupitia matundu ya rimu, na kila muuzaji anazo. Mimi naziweka nafasi ya tatu. Nimepanga kwa kipimo kimoja tu: kipi kikikukatikia njiani kitakuumiza zaidi.

1. Mipira, mabomba na mafuta

Hivi ndivyo vya bei ndogo, na ndivyo watu huviruka. Mpira wa breki uliozeeka unaweza kuonekana mzima kwa nje, kumbe ndani umevimba hadi tundu limekaribia kuziba. Ukikanyaga, nguvu ya mguu inayapitisha mafuta. Ukiachia, hayarudi, na gurudumu linabaki limeshikwa. Gari likianza kuvuta upande mmoja, lawama zinakwenda kwa silinda ya gurudumu, kile kipampu kidogo kinachosukuma breki za gurudumu hilo. Nilinunua silinda mbili mpya kabla sijaugundua mpira wenyewe, kwa hiyo najua uchungu wake.

Mabomba ya chuma yaliyoshika kutu yabadilishe kwa yale ya mchanganyiko wa shaba na nikeli. Hayali kutu na hupindika bila shida. Shaba tupu iache.

Mafuta nayo hunyonya unyevu. Yale ya daraja la DOT 4 (DOT ni alama ya daraja kwenye chupa ya mafuta ya breki) yakiwa mapya hayachemki chini ya 230°C, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155°C. Yakichemka mteremkoni hutoa mvuke, na mvuke hubonyea: pedali inazama, gari linaendelea kwenda. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye kamwe na DOT 3 au 4. DOT 5.1, licha ya jina, ni ndugu wa DOT 4.

Ukifungua dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu huku viatu vya breki vikilisukuma kutoka ndani, usipulize vumbi kwa kompresa. Viatu vya breki vya zamani vingi vilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Futa kwa kitambaa chenye maji.

2. Masta silinda ya njia mbili

Magari mengi yaliyoundwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana masta silinda (pampu kuu inayosukumwa na pedali) ya chumba kimoja. Bomba moja likipasuka, popote pale, magurudumu yote manne yanakosa breki na unabaki na breki ya mkono na dua. Ya njia mbili hutenganisha mifumo, kwa kawaida mbele na nyuma, hivyo upande mmoja ukivuja mwingine unabaki. Marekani iliufanya mfumo huu kuwa wa lazima kwa magari mapya kuanzia 1968.

Kabla ya kulipa, pima kipenyo cha silinda uliyonayo. Kipenyo kidogo hutoa shinikizo kubwa lakini pedali husafiri mbali. Kikubwa hufanya pedali fupi na ngumu kama jiwe. Hakikisha pia imetengenezwa kwa breki ulizonazo. Ya dramu mara nyingi ina vali inayobakiza shinikizo kwenye bomba. Ukiiunganisha na diski, pedi, vile vibao vinavyoibana diski, zitasugua muda wote.

3. Diski za mbele

Dramu ikipata joto hutanuka na kuvikimbia viatu vyake, ndiyo maana breki hufifia mteremkoni. Diski haina tabia hiyo, na inapoa haraka kwa kuwa iko wazi. Jaguar ilishinda Le Mans mwaka 1953 kwa gari lenye diski, na wapinzani walielewa somo.

Chagua seti inayotumia kalipa (kibano kinachoshika pedi) na pedi za gari lililotengenezwa kwa wingi, si za karakana moja ambayo kesho ikifungwa utakosa pedi. Uliza kama kalipa inaingia ndani ya rimu zako. Rimu ndogo za zamani huigomea. Nunua na vali ya kupunguza shinikizo la nyuma, la sivyo magurudumu ya nyuma yatafunga kwanza na gari litageuka.

4. Busta

Inaupunguzia mguu kazi, haipunguzi umbali wa kusimama kama mguu wako tayari unaweza kufunga magurudumu. Inategemea mvuto wa hewa wa injini, na injini iliyowekewa kemshafti (shafti inayofungua vali) ya mashindano huutoa haba.

5. Diski za nyuma

Mapambo. Breki inapokanyagwa uzito huhamia mbele, na dramu nzima za nyuma zinatosha. Breki ya mkono nayo huwa rahisi zaidi kwenye dramu. Pesa hizo nunulia matairi, kwani tairi lililokauka huteleza hata breki zikiwa mpya.

Baada ya kufunga chochote kati ya hivi na kutoa hewa yote kwenye mabomba ya breki, kanyaga pedali kwa nguvu gari likiwa limesimama, uishikilie dakika nzima. Ikizama polepole, kuna panapovuja au masta silinda inapitisha mafuta ndani kwa ndani. Gari lisitoke hapo.