St Kilda: mahame katikati ya bahari (uzoefu wangu)

Nimerudi nyumbani Dodoma wiki ya tatu sasa na bado nikifumba macho nawasikia wale ndege. Watu wengi wameniuliza ile safari ya kisiwani ilikuwaje, imekula shilingi ngapi, na je inafaa mtu atoke huku kwetu kwenye vumbi na mizabibu aende mpaka Uskoti kutazama mawe na ndege, sasa ngoja niandike mara moja ili yeyote anayetaka kwenda asome. Jibu langu ni nenda, kama una tumbo la bahari na una siku za ziada. Nyota nne kati ya tano, ile moja niliyoikata nitaeleza.

Kwa asiyejua, St Kilda ni kikundi cha visiwa vidogo vya Uskoti, vimekaa peke yao Atlantiki kama kilomita 64 magharibi mwa visiwa vingine vya Hebrides. Kile kikubwa kinaitwa Hirta, ndicho watu walikuwa wanaishi miaka na miaka wakila ndege wa baharini, mpaka tarehe 29 Agosti 1930 wale 36 waliokuwa wamebaki wakapanda meli ya kivita ya Uingereza wakaondoka wote siku moja. Leo hakuna mwenyeji hata mmoja, kuna watunzaji wa hifadhi na watafiti wanaokuja kwa msimu, na wafanyakazi wa kituo cha rada cha jeshi. UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1986.

Mi nilifika kule kwa sababu dada yangu mkubwa ni mkunga Glasgow, likizo yangu nikaenda kumsalimia akaniambia mdogo wangu we umekulia kwenye hadithi za mahame za bibi, twende nikuonyeshe mahame ya wazungu. Tukaendesha gari karibu siku nzima mpaka kisiwa cha Skye, tukavuka na feri mpaka Harris, tukalala loji karibu na bandari ndogo ya Leverburgh ambako boti zinaondokea. Tiketi ya boti kwa mtu mmoja ni zaidi ya pauni 200, yaani ukibadilisha ni zaidi ya laki sita na nusu za kwetu, kwenda na kurudi siku hiyohiyo, chakula unabeba mwenyewe. Ni hela nyingi, sifichi.

Na hapo ndipo ilipopotea ile nyota moja. Unapolipia wanakwambia kabisa utenge siku mbili, maana bahari ikichafuka hamwendi, hilo nalikubali, bahari haina bosi. Ila siku ya kwanza tumeamka alfajiri, tumefunga mabegi, tumefika gatini na baridi ile ndo tunaambiwa safari imeahirishwa, wakati wenzetu wa loji nyingine walipata meseji tangu jana yake jioni. Sisi hatukupata kitu. Dada alikuwa ametoka zamu ya usiku juzi yake, usingizi wenyewe wa kuungaunga, niliumia kwa ajili yake. Kampuni siitaji, ila ukibuku wape namba inayopatikana na uwapigie mwenyewe jioni, usisubiri.

Kesho yake tuliondoka saa mbili asubuhi. Karibu saa tatu za mawimbi. Mimi mtu wa Dodoma bahari naijua ya Dar tu, tena nimesimama ufukweni, lile wimbi la Atlantiki linainua boti mpaka unaona anga tupu halafu linaishusha mpaka unaona maji tupu, nusu ya abiria walitapika. Kunywa dawa ya kichefuchefu saa moja kabla, sio ukishaanza kusikia vibaya, na kaa nje nyuma ya boti uangalie upeo wa macho. Dada ndo alinifundisha na ndo iliyoniokoa.

Halafu kisiwa kinatokea. Kwanza ni kama wingu jeusi, halafu linakuwa ukuta. Mlima wa Conachair una mita 430 na upande mmoja umekatika moja kwa moja mpaka baharini, hakuna mteremko, umekatika tu. Mkifika kwenye ghuba ya kijiji boti haiendi mpaka gatini, mnashushwa kwa kiboti cha mpira watu wachache wachache, na kabla ya hapo wanakagua mabegi yenu kama hakuna panya. Usicheke, wako makini kweli, panya mmoja mwenye mimba akishuka pale mayai na makinda yatakwisha, ndege hawa wanataga chini na kwenye mashimo na hawana habari na adui wa namna hiyo. Mtunza hifadhi anawapokea, anawaeleza dakika chache wapi msikanyage, halafu mko huru saa nne nzima hivi.

Watu wengi walikimbilia juu milimani. Sisi tulibaki kijijini kwanza na sijutii.

Ni mtaa mmoja tu, umejipinda kufuata ghuba, nyumba 16 za mawe zilizojengwa miaka ya 1860, nyingi hazina paa, chache zimeezekwa upya na moja ni makumbusho. Ndani ya nyumba, pale palipokuwa na meko, wameweka kibao cha jiwe jembamba chenye majina ya waliokaa mwisho. Nilifika mlango wa nyumba moja nikajikuta nimesema hodi. Kwa sauti kabisa. Sikuwa nimepanga, mdomo umezoea, unaona mlango na kizingiti kilichochakaa katikati kwa kukanyagwa, unapiga hodi. Ndani majani yameota mpaka magotini, na kwenye ufa wa ukuta juu ya meko akatoka kandege kadogo ka kahawia, mkia kameuinua juu, kakaimba kwa sauti kubwa kuliko mwili wake halafu kakarudi ndani ya ukuta. Mtunza hifadhi alituambia huyo ni aina ya pekee ya hapo hapo, hayupo popote pengine duniani, na akatuambia kitu ambacho bado nakifikiria: kulikuwa na panya mdogo wa nyumbani wa kisiwa hicho (sio yule mkubwa anayekaguliwa kwenye mabegi) naye wa aina yake, watu walipoondoka 1930 baada ya muda mfupi wakaisha wote. Walikuwa wanaishi kwa makombo na joto la watu.

Kila mahali mlimani kuna vijumba vya mawe vinaitwa kliti, zaidi ya 1,200 pale Hirta. Mawe yamepangwa bila udongo wala saruji, upepo unapita katikati, juu wameweka mabamba ya mawe na udongo wenye nyasi ili mvua isiingie. Ndo vihenge vyao hivyo, humo walikausha ndege na majani ya mifugo, na kuhifadhi mayai. Niliingia kimoja nikiinama, nikakumbuka tembe la bibi na lile paa lake la udongo, na mlenda uliokaushwa wa kutuvusha kiangazi. Mtu wa mvua nyingi na mtu wa ukame wote wamegundua kwamba chakula cha msimu mmoja lazima kiulinde dhidi ya msimu mwingine.

Wanaume walikuwa wanakutana hapo mtaani kila asubuhi kupanga kazi ya siku, na mkutano wenyewe uliitwa Bunge. Sie watu wa Dodoma neno hilo tunaliishi, lakini nilivyosimama pale nikaona Bunge lilivyo kwa udogo wake: nani anashuka na kamba leo, nani anashika kamba juu. Walishuka kwenye ile miamba kukamata ndege anaitwa fulma, ambaye ukimkaribia anakutemea mafuta yananuka vibaya, mafuta hayohayo waliwashia taa, na manyoya walimlipia mwenye ardhi kodi.

Nyuma ya kijiji kuna makaburi ndani ya ukuta wa mviringo. Dada alikaa pale muda mrefu kuliko mimi. Karne ya 19 watoto wengi mno wa kisiwa hicho walikuwa wanakufa ndani ya wiki moja na siku chache baada ya kuzaliwa, pepopunda, mpaka ilipofika miaka ya 1890 mchungaji mmoja akajifunza njia za usafi wa kuzalisha na vifo vikakoma. Dada yangu ameanza ukunga vijijini kwetu kabla hajaenda huko, hakusema kitu, alitoa kofia kwenye ule upepo akaishika mkononi.

Ndege sasa. Juu mlimani jihadhari na skua, hao wakubwa wa kahawia, ukipita karibu na kiota anakuja usoni kwako moja kwa moja, inua fimbo juu ya kichwa naye atailenga fimbo. Pafini, wale wenye mdomo wa rangirangi, nenda kati ya Mei na Julai, Agosti wengi wameshaondoka kwenda baharini. Lakini kilichonishinda maneno ni wakati wa kurudi, boti inapozunguka Boreray na ile miamba miwili iliyosimama baharini, Stac Lee na Stac an Armin. Huo wa pili una mita 196. Kwa mbali nilidhani una theluji. Ni ganeti, ndege weupe wenye ncha nyeusi za mabawa, mabawa yakifunguka ni karibu mita mbili, jozi kama 60,000 zimekaa pale, na ukisogea weupe unaanza kutembea, harufu inakupiga, anga yote inajaa, wanajikunja na kuchoma maji kama mkuki. Mi nimekulia kuona kwelea kwelea wakishuka kwenye uwele na mtama, tulikuwa tunawafukuza na madebe, najua ndege wengi wakoje. Sikuwa najua. Nilikuwa nalia, na sio kwa upepo.

Nahodha akazima injini kidogo akatuonyesha juu kabisa ya Stac an Armin. Mwaka 1727 wanaume watatu na wavulana wanane walipelekwa pale kukamata ndege, wakawa wanasubiri mtumbwi uwafuate. Haukuja. Kijijini ndui ilikuwa imeingia na hakukuwa na watu wa kutosha kupiga makasia. Walikaa juu ya jiwe lile miezi kama tisa, baridi yote, wakila ndege na samaki, mpaka mwaka uliofuata walipookolewa, na walikuta wengi wa nyumbani wameshakufa.

Tulirudi Leverburgh jioni, jua bado liko juu maana mwezi wa sita kule linazama saa nne na nusu usiku. Nikampigia bibi. Bibi yangu alihamishwa upande wa Mpwayungu kwenye Operesheni Dodoma, 1971, lori lilikuja wakapakia mitungi na mbuzi wakapelekwa kijiji kipya, na tangu nikiwa mdogo kila tukipita mahame yake ananionyesha mbuyu na jiwe la kusagia lililobaki. Nikamweleza kila kitu. Akaniuliza swali moja, hao walihamishwa au waliomba? Nikamwambia waliomba wenyewe bibi, Mei 1930 waliandika barua serikalini, vijana walikuwa wameondoka, magonjwa, njaa, hawakuweza tena. Wakapelekwa bara, baadhi ya wanaume wakapewa kazi ya misitu, wao ambao kisiwani hawana mti hata mmoja. Asubuhi ya kuondoka kila nyumba waliacha Biblia wazi na nafaka kidogo.

Akanyamaza. Na mbwa wao? Nikasita, nikamwambia mbwa waliwafunga mawe shingoni wakawazamisha pale ghubani.

Bibi alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, wa kwetu tulimpakia kwenye lori, lakini kila jioni alikuwa anarudi kule mahameni, na babu yako kila jioni anachukua kamba anaenda kumfuata.