Kompresa Imechoka: Uitengeneze au Ununue Mpya?

Kompresa inayochukua muda kujaza upepo haijafa. Mara nyingi ringi za pistoni zimelika au vali hazifungi sawasawa. Ukiona oili inatoka pamoja na upepo, anza na ringi. Kwa mwenye gereji pale Kariobangi, spea hizo na ufundi havifikii hata karibu na bei ya mashine mpya, na kichwa kizito cha chuma, ile sehemu inayosukuma upepo, bado kina miaka ya kazi. Mimi ningetengeneza.

Lakini angalia tangi kwanza. Maji yanayojikusanya ndani yake yasipomwagwa kila siku, kutu hulila kwa ndani, chini kabisa, usipopaona. Tangi lililolika linaweza kulipuka, na wapo vijana wanaofanya kazi kando yake. Fundi akikuambia ataziba kwa kuchomelea, kataa. Hapo nunua mpya.