Chakula cha samaki kisicho na dagaa: miezi saba na sato wangu Morogoro

Wafugaji wenzangu wananiuliza kila siku kama sato anakua kweli bila dagaa. Anakua. Nimewalisha chakula cha mimea tupu kuanzia Machi hadi Oktoba, na nitaendelea nacho. Lakini kuna kitu muuzaji wangu hakuniambia, kikanipotezea karibu miezi miwili.

Bwawa langu ni mita 20 kwa 10, maji nayapata kwenye mfereji unaoshuka Uluguru. Nilipanda vifaranga 600, madume watupu, wakiwa na gramu kama 20 kila mmoja. Msimu wa nyuma nilikuwa nachanganya mwenyewe pumba, mashudu na dagaa, na dagaa ndio waliokuwa wakinimaliza mfukoni. Waliokaushwa chini wanakuja na mchanga. Ukipepeta unagundua umelipia mchanga kwa bei ya kitoweo.

Chakula hiki kipya kinauzwa kwa mfuko wa kilo 20: soya, mashudu ya alizeti, pumba za mahindi na unga wa muhogo wa kushikiza. Ni vidonge vinavyozama. Siku za kwanza samaki walikivamia, lakini baada ya wiki mbili hivi wakawa wanadonoa na kuacha. Kila mwisho wa mwezi navua samaki 30 na kuwapima. Mwisho wa Aprili wastani ulikuwa gramu 34, mwisho wa Mei 41. Kwa sato dume huo ni udumavu.

Nikachukua kidonge nikakitafuna. Kilikuwa na ule uchungu wa kunde mbichi, unabaki kwenye ulimi. Soya haikukaangwa! Soya mbichi huzuia vimeng'enya vinavyosaga protini, kwa hiyo samaki anashiba lakini mwili haujengeki. Nilimrudishia muuzaji mifuko iliyobaki, akanipa ya mzigo mwingine. Huo ulinukia kama karanga zilizotoka kikaangoni, na Agosti samaki wangu walikuwa wengine kabisa.

Baridi ya Juni na Julai ilipunguza hamu yao ya kula, nikapunguza kipimo. Kwa kuwa vidonge vinazama, usimwage ukaondoka: tupa kidogo kidogo kwenye kona ileile, ngoja, tupa tena. Mimi nalisha saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Alfajiri hewa ndani ya maji huwa ndogo, na samaki asiyepumua vizuri hali.

Jambo lingine lililonisaidia ni ukijani wa maji. Nilikuwa naweka samadi kidogo, kisha nazamisha mkono. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, vijimea vinatosha na sato anajichumia mwenyewe. Kwenye maji meupe nisingekiamini chakula hiki peke yake.

Nilivua samaki 530, wastani gramu 240, jumla kama kilo 127, kwa mifuko 12. Msimu wa dagaa samaki walikuwa wakubwa kidogo zaidi, lakini hesabu ya gharama imenipendeza zaidi safari hii, hata na ile miezi miwili iliyoharibika.

Kwa vifaranga wadogo wa gramu moja au mbili sikishauri, wanahitaji protini nyingi zaidi kuliko iliyomo. Kambale nao hula karibu kila kitu, lakini wanahitaji protini nyingi kuliko sato, usiwatese. Sato ana utumbo mrefu wa kusaga majani, ndiyo maana kinamfaa.

Nimeshaagiza mifuko mingine 12. Kila ninapofungua mmoja, kidonge cha kwanza nakitafuna mimi.